Karakana Iliyofungwa kwa Ajili ya Samaki

Kila asubuhi Hilda alichota maji, akafagia uwanja na kuwapa kuku pumba kabla ya kwenda shule. Jumamosi ile hakukuwa na shule, lakini hata kazi hizo ndogo zilimshinda. Ndoo ilifurika bombani akiitazama tu. Alifagia mahali pale pale mara mbili. Mchana ndugu na majirani wangeweka msalaba kwenye kaburi la Babu Zablon, kisha wangekusanyika nyumbani kwao Kizota, na yeye ndiye angesema kwa niaba ya wajukuu.

Maneno alikuwa amefundishwa na shangazi yake, Emilia, aliyefanya kazi ofisini mjini. Hilda aliyashika yote, ila kila alipofika mahali pamoja ulimi ulikwama: "Babu hakupenda mchezo, na karakana yake haikufungwa hata siku moja."

Haikuwa kweli. Tangu kiwanda cha serikali alichofanyia kazi kiuzwe na wafanyakazi wapunguzwe, Babu alitengeneza baiskeli kwenye kibanda kando ya barabara. Mvua zikishajaza bwawa la Hombolo, aliandika kwa chaki mlangoni, "Nimekwenda kuvua," akaondoka akipiga mluzi. Likizo moja alimchukua Hilda. Kambare alipovuta mshipi, Babu aliteleza akakaa matopeni, kofia ikaelea majini, naye akacheka hadi akashindwa kuinuka.

"Vuta, Hilda!" alipiga kelele. "Huyu ana haraka kuliko sisi!"

Asubuhi ile Hilda alimfuata shangazi yake jikoni. "Shangazi, lakini karakana ilikuwa inafungwa."

"Hayo si ya kusemwa mbele za watu," Emilia alijibu huku akifuta vikombe. "Wakwe zangu wanakuja. Unataka wajue baba yangu alikuwa mtu wa kuchezacheza?"

Akamwendea baba yake, Sostenes, aliyekuwa akikaza kamba za turubai. Baba alijikuna kichwa. "Sema alivyotaka shangazi yako, mwanangu. Leo tusigombane."

Hilda alizunguka nyuma ya nyumba, akakaa, akainuka, akakaa tena. Chakula kilipoiva hakuweza kumeza.

Watu waliporudi kutoka makaburini, aliitwa mbele. Aliwasalimu wazee, akaanza vizuri. Alipofika mahali pale, akanyamaza. Shangazi akakohoa.

"Babu alipenda sana mchezo," alisema hatimaye. "Alifunga karakana akaenda kuvua. Aliandika mlangoni ili kila mtu ajue alipo. Mimi nilikwenda naye, akaanguka matopeni, tukacheka. Namkumbuka hivyo."

Wazee wakatazamana. Hilda alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha Mzee Silvano, jirani wa siku nyingi, akapiga goti lake kwa kiganja.

"Kweli kabisa! Nilikuta baiskeli yangu miguu juu na mlango umefungwa. Nilikasirika! Jioni akaniletea perege wawili, akaniomba radhi, akaitengeneza mpaka giza likaingia, huku ananisimulia samaki aliyemponyoka. Nikarudi nyumbani nacheka."

Watu wakaangua kicheko, wakwe nao wakiwemo. Bibi, mjane wa Babu, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Hilda alimkimbilia akidhani amemliza. Kumbe Bibi alikuwa anacheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Wageni walipotawanyika, Emilia alikuwa bado amenuna. "Mama, niliogopa watamdharau baba."

"Njoo ukae, Emilia," Bibi alisema. "Nami siku nyingine nilikasirika, mboga imekwisha na yeye yuko bwawani. Lakini hakunidanganya alikotoka, wala hakumdanganya mteja. Leo tungempamba kwa uongo, tungekuwa tunamlilia mtu mwingine."

Emilia akaenda akakaa kando yake. "Na wale perege alikuwa anawachoma vizuri," alisema polepole, akamvuta Hilda karibu yake.

Bibi akamgeukia Hilda. "Nawe umefanya vizuri, mjukuu wangu. Ulimwambia shangazi yako kwanza, kwa adabu, na mbele za watu hukumwaibisha. Mtu unayempenda mseme kama alivyokuwa. Ukweli wake unatosha."

Usiku huo Hilda alikula sahani mbili, akalala fofofo.