Michoro ya Kiwanja cha Majirani

Mwanamke aliyepatwa na mambo haya alikuwa mpima ardhi, na mtaani walimzoea kwa jina la Futi. Asubuhi hiyo alikuwa anapuliza chai ofisini kwake mtumishi wa mahakama alipoingia, akamsainisha karatasi, akaenda zake. Majirani wawili walikuwa wanashtakiana. Mmoja alitaka kufungua karakana ya kuchomelea vyuma kwenye kiwanja kilichopimwa kwa ajili ya makazi. Mwenzake alisema katu. Futi hakuwa upande wowote. Mahakama ilimwita tu apeleke michoro yote ya kiwanja hicho, aliyoichora marehemu baba yake.

Chai ilimpoa mkononi.

"Sipeleki," alimwambia binamu yake, ambaye ni wakili. "Huo wito upinge."

"Si karatasi tu, binamu? Unaficha nini?"

Hakuficha kitu. Aliogopa. Kiwanja kile kilikuwa kazi ya mwisho ya baba yake. Tangu mzee aitandaze michoro chumbani kwake, alianza kulalamika kwamba chumba kinambana. Wakadhani ni uzee. Halafu kabati likaanza kugusa kitanda. Halafu mlango ukagoma kufunguka wote. Siku walipomkuta amefariki, daktari alisema ni moyo. Sawa. Lakini kitanda kilichoingia humo kizima, ilibidi kikatwe kwa msumeno ndipo kitoke. Mama yake ndiye aliyeikunja michoro, akaifungia kwenye bomba la plastiki. Kuta zikatulia.

Binamu aliandika pingamizi: mteja wake si mhusika wa kesi, wito umezoa kila kitu bila kuchagua, na humo mna siri za wateja wa marehemu. Hakimu alisikiliza huku akijikuna kidevu. Akasema ataitazama michoro mwenyewe, faraghani, ofisini kwake, ndipo aamue.

"Mheshimiwa," Futi alinong'ona akimkabidhi bomba, "tafadhali, usiikunjue yote."

Hakimu alitabasamu, akaingia, akafunga mlango.

Ulikuwa mchana kweupe. Futi na binamu walikaa kwenye benchi la korido, nje ya mlango ule. Walisikia kifuniko kikichomoka. Karatasi ikitandazwa. Kisha kiti kikasogezwa. Kikasogezwa tena.

"Nani huyo?" hakimu aliuliza mle ndani.

Hakuna aliyeingia.

"Yuko kwenye simu," binamu alinong'ona. Futi alimshika mkono, akaubana. Kiti kikakwaruza tena. Safari hii kidogo tu. Kilikuwa kimekosa pa kwenda.

Mlango ukafunguka nusu. Hakimu akatoka ubavu ubavu. Koti lake jeusi lilikuwa na chokaa begani. Mabega yote mawili.

"Pingamizi limekubaliwa," alisema. "Wito nimeufuta. Ondoka na vitu vyako."

Bomba alilinyoosha mbele, mbali na mwili wake, hadi Futi akalipokea.

Binamu alishangilia ushindi ngazi zote hadi chini. Futi alilibeba bomba kwa mikono miwili. Alipofika nyumbani alimkuta mama yake ameshaburura godoro lake kutoka chumbani hadi sebuleni.

"Mmeifungua," mama alisema kwa sauti ya chini.

"Mara moja tu, mama."

"Inatosha, mwanangu."

Kesi iliendelea bila michoro, na karakana ikakataliwa. Hakimu aliomba apewe ofisi nyingine, hakusema sababu. Wapakaji rangi waliotumwa kukitengeneza chumba chake cha zamani waliliondoa kabati la vitabu, wakakuta plasta imevimba nyuma yake. Umbo lake lilikuwa la kiganja, vidole vimetanuliwa, kimesukumwa kuja ndani kutoka upande wa nje. Na chumba kile kiko ghorofani. Nje ya ukuta ule hakuna kibaraza wala ngazi. Ni hewa tupu.

Mmoja wao aliupapasa ukuta. Wote ulikuwa baridi. Kiganja kilikuwa na joto.