Ruta Ndani ya Kabati la Bati

Seremala mmoja alijulikana kijiji kizima kwa jina la Fundi Randa. Kila kilichopita mikononi mwake kilitoka kimenyooka, isipokuwa maneno yake. Aliwatania wateja, aliitania misumari, na zaidi ya wote alimtania bintiye.

Binti alikuwa akisomea ukunga. Masomo ya mwaka huu aliyafuata nyumbani, kwa kompyuta, maana intaneti ya kasi ilikuwa imefika kijijini. Ushirika wao ulisimamisha mnara kilimani. Kila nyumba iliyojiunga ilifungiwa antena juu ya paa. Kutoka hapo waya ulishuka hadi kwenye ruta, kile kisanduku kinachosambaza intaneti humo ndani.

Ruta ilipofika, Fundi Randa aliizungukazunguka kama mtu aliyeletewa mjukuu. Aliogopa vumbi la mbao. Aliogopa panya. Basi akaitengenezea kabati la mbao ngumu. Ndani akalizungushia bati pande zote, na mlangoni akatia kufuli. Ufunguo alitembea nao.

Tangu siku hiyo intaneti ikawa inasuasua. Picha ya mwalimu iliganda, mdomo wazi. Sauti ilikatikakatika. Fundi Randa aliulaumu ushirika, akasema wameuziwa upepo. Mkewe alimshauri amwite fundi wao. Alikataa, akauliza kwa nini aite watu waje kumuuzia upepo mwingine.

Kisha binti akaja na habari nzito. Alhamisi angekuwa na mtihani wa mdomo, kwa video. Mtahini alikuwa mjini, na mvua ilikuwa imebomoa daraja la kwenda huko. Mawasiliano yakikatika, mtihani usingehesabiwa. Nafasi yake ya mazoezi hospitalini angepewa mwingine, naye angengoja mwaka mzima.

Siku hiyo baba hakuwa na utani. Alivaa viatu, akaenda mwenyewe kumwita fundi wa ushirika. Huyu alikuwa jirani yao, mwanamke aliyezoea kubeba bunda la waya begani mpaka watu wakambandika jina la Bi Waya.

Bi Waya alipanda paani kwanza. Antena ilikuwa imeelekea mnara sawasawa, bila mti wala ukuta katikati. Akashuka, akauliza ruta iko wapi. Fundi Randa akatoa ufunguo kwa fahari.

Bi Waya alipapasa bati la ndani. "Kabati zuri, kaka. Umemzika nani humu?"

"Nimeikinga na panya."

"Umeikinga na panya, na vumbi, na binti yako pia."

Akamweleza taratibu. Ruta hutuma intaneti kwa mawimbi ya redio, yanayopita hewani. Mbao huyapunguza kidogo. Ukuta mnene huyapunguza zaidi. Bati huyazuia na kuyarudisha yalikotoka. Tena ruta hutoa joto, kwa hiyo inahitaji hewa.

Fundi Randa hakukubali upesi. "Mbona kidogo kinapita?"

"Kinapita kwenye upenyo wa mlango wako. Ungeufunga vizuri zaidi, hata hicho kidogo msingekipata."

Mkewe alilazimika kutoka nje acheke vizuri.

Bi Waya akampa simu yenye kipimo cha kasi, ajionee mwenyewe. Fundi Randa alifunga kabati, kipimo kikalala. Akaitoa ruta, akaiweka mezani, kipimo kikapanda. Alirudia na kurudia, akitafuta kosa. Hakulipata.

Bi Waya akawashauri waiweke juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba, mbali na vyuma. Vumbi walipanguse kwa kitambaa kikavu. Waya waupitishe ndani ya bomba gumu la plastiki, ili panya wasiufikie. Na saa ya mtihani, mtu mwingine asitazame filamu kwenye simu.

Jioni hiyo Fundi Randa alipigilia rafu sebuleni, akaiweka ruta juu yake.

Alhamisi mke alikwenda shambani. Fundi Randa aliacha kazi, akakaa uani akisikiliza. Maswali yalikuja, majibu yakaenda, bila kukatika. Halafu mtahini akataka kuona mjamzito anavyopokewa kliniki mara ya kwanza. Akauliza kama kuna mtu karibu. Binti akatoka, akamshika baba mkono, akamwingiza ndani, penseli ya useremala ikiwa bado sikioni mwake.

"Karibu uketi, mama," binti alisema, uso mkavu. "Hii ni mimba ya ngapi?"

Fundi Randa aliitazama kompyuta, akamtazama binti. "Ya kwanza, sista. Tena nina woga."

Mtahini aliziba mdomo kwa mkono, na picha ilivyokuwa safi, hata macho yake yalionekana yakicheka. Binti hakucheka. Alimpima baba mapigo ya moyo. Alimweleza kwa upole kila hatua itakayofuata, mpaka mabega ya mzee yakashuka.

"Mjamzito anaweza kurudi kazini," mtahini alisema, kila neno likifika. "Nawe, binti, umefaulu. Jiandae kwenda hospitalini."

Fundi Randa alibaki pale pale kitini. Akaomba, kama inaruhusiwa, apimwe mapigo tena.