Pumzi ya Kuazima

Barakoa ilinuka karafuu, na Nihal Chandio hakuwa mtu wa karafuu. Aliivua usoni, akainusa kwa ndani, pale penye mpira laini unaokaa juu ya pua, akaona hakukosea. Ilikuwa harufu ya pumzi ya mtu anayetafuna karafuu, na ilikuwa bado vuguvugu, kana kwamba mtu huyo ameivua sasa hivi akampa yeye. Nje jua la saa saba lilikuwa likichoma uwanja wa nyumba ya wageni. Nihal aliifuta barakoa kwa pindo la kanzu, akajiambia kuwa mtu akichoka sana hunusa hata visivyokuwepo, akaivaa, akalala tena.

Na kuchoka kwake hakukuwa kwa juzi. Miaka kumi alikuwa akikoroma hata majirani kule Hyderabad wakamtania kwamba nyati wake wa maziwa hajakamuliwa. Afadhali ingekuwa kukoroma tu. Katikati ya usingizi pumzi ilikuwa ikikatika, kimya kabisa, mpaka mkewe Bakhtawar amsukume ndipo irudi kwa kishindo. Baba yake alikufa hivyo hivyo, usingizini, akiwa na miaka hamsini na mmoja, na Nihal sasa alikuwa na hiyo hamsini na mmoja. Bakhtawar alivumilia hadi macho yakamwingia ndani. Mwishowe Nihal akahamia chumba cha wageni, akakaa huko miaka sita, mume mwenye mke wake, akilala kama mpangaji. Mashine ya kupumulia ndiyo iliyomrudisha. Usiku wa kwanza aliolala chumbani na mashine ikimsukumia hewa puani, asubuhi Bakhtawar alimwekea chai na kumwambia, bila kumtazama, "Baba Hurmat, jana nimelala." Kwa maneno hayo machache Nihal angeibeba mashine ile kichwani hadi Makka.

Kuibeba aliibeba kweli, maana kazi yake ilikuwa ukaguzi wa mifereji ya mashamba, leo huku kesho kule. Siku ya kuinunua alimchosha muuzaji kwa maswali. Alitaka iwe nyepesi, ikae mapajani ndani ya gari. Alitaka iwe kimya, iwe na betri yake kwa sababu ya mgao wa umeme, iwake yenyewe mtu akivuta pumzi, na iwe na kitangi cha kupasha maji moto ili hewa iwe na unyevu, kwani vumbi la kusini humkausha mtu pua hadi damu. Muuzaji akamuuliza, "Mzee, unatafuta mashine au mke wa pili?" Njiani nako hakukosi mambo. Kwenye kizuizi cha barabarani polisi waliuona mrija na nyaya ndani ya begi, wakamwamuru alale kando ya barabara aivae wahakikishe si bomu, na abiria wa basi zima wakateremka kumsomea dua.

Safari hii alikuwa mwisho kabisa wa mfereji, ng'ambo ya Badin. Ulikuwa mwezi wa kufunga maji ili tope lichimbwe, na lango kuu alikuwa amelifunga yeye kwa mkono wake siku tisa kabla. Usiku alizunguka kingo akiwafukuza watu wanaotoboa kuta kuiba maji yaliyobaki mabwawani. Alfajiri alikuwa akisali, kisha akilala hadi alasiri. Tatizo lilikuwa maji ya kitangi. Galoni lake la maji safi ya dukani lilipasuka njiani, na maji ya kisima cha huko ni chumvi tupu, siku mbili tu kitangi kinaota ukoko mweupe. Asubuhi ya kwanza, akisinzia wima, aliona barazani chungu kidogo kilichofunikwa kitambaa chekundu na kufungwa kwa uzi. Akafungua. Maji yalikuwa maangavu, hayana hata unyasi. Akamimina nusu kitangini, akafunga uzi vibaya vibaya, akaenda kulala. Pandhi, mzee mlinzi wa nyumba, alikuwa bado kwenye mswala. Kuuliza si ujinga, wamesema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kukesha wakifukuza wezi wa maji.

Siku hiyo alilala usingizi ambao hakuwahi kuupata tangu utoto. Siku ya pili ndiyo ya karafuu. Alipoamka alasiri ya siku hiyo, feni ilikuwa imesimama, na Pandhi, akimletea chai, akasema umeme umekatika tangu saa nne. Nihal akaitazama mashine. Betri ilikuwa ndani ya gari, haina chaji, alisahau kuichaji. Taa ya mashine ilikuwa imezimika. Lakini mrija ulikuwa ukijaa na kunywea, polepole, kwa mwendo wa mtu aliyelala vizuri, na ulipoona anautazama, au ndivyo alivyohisi, ukatulia. Barazani Pandhi alikuwa ameshika tundu la kware wake wa kufugwa. Kware alikuwa amelala chali, mdomo wazi. Mzee akasema ni joto. Nihal akaitikia kuwa ni joto, ingawa chai ilikuwa imepoa mkononi na hakuwa ameionja.

Siku ya tatu aliapa kulala bila mashine. Akajinyoosha juu ya kitanda cha kamba, usingizi ukamchukua, na baada ya dakika chache akazinduka akiwa amekabwa, moyo unamwenda mbio, jasho shingoni, na alipojaribu mara ya pili ikawa vile vile, na mara ya tatu akamwona baba yake alivyokuwa asubuhi ile walipomkuta, ndipo akajikokota, akaichukua barakoa, akaivaa huku akijichukia, kwa sababu aliogopa kuivaa na aliogopa zaidi kufa, na mara tu mikanda ilipokaza kisogoni akahisi kwamba mashine haisukumi hewa bali inavuta, kwamba upande wa pili wa mrija kuna kifua kingine, kipana, chenye subira, kinachovuta pumzi kutoka mahali fulani mbali kidogo na kumpa yeye iliyo tamu yenye karafuu, na alitaka kupiga kelele lakini ile pumzi ilikuwa nzuri mno, akaimeza, akazama. Kilichomtoa huko ni kilio cha mwanamke uani.

Aling'oa barakoa, akatoka mbio peku. Mlangoni mwa jiko Nazo, mke wa mwana wa Pandhi, alikuwa amepiga magoti, mikono kooni, midomo imekuwa rangi ya bilinganya. Nihal alipokuwa anamkaribia, yule mwanamke akavuta pumzi ndefu, akakohoa, rangi ikaanza kumrudia. Karafuu aliyokuwa akitafuna kwa ajili ya jino ikamtoka mdomoni. Akamtazama mgeni, akajifunika shela hadi machoni, akamnong'oneza mkwewe aliyekuwa amefika mbio, na Nihal akayasikia yote.

"Baba, lile langu liko naye."

Pandhi alikwenda barazani, akarudi na chungu, uzi unaning'inia.

"Sain, bwana wangu," akasema kwa sauti ya chini, "maji ya humu yamekwenda wapi?"

"Nimetia kwenye mashine."

"Hiyo unayoivaa usoni?"

"Ndiyo."

Mzee akakaa chini, pale pale vumbini. Akaeleza kidogo kidogo, kwa aibu, kama vile kosa ni lake. Mwaka mzima Nazo alikuwa na jini linalomkalia kifuani. Mganga wao, Mai Jannat, alilitoa wiki iliyopita kwa kulilazimisha kupumua ndani ya maji ya chungu. Maji ya namna hiyo hayamwagwi chini, humwagwa kwenye maji yanayokwenda, yakaenda nalo lisijue njia ya kurudi. Ila mfereji ulikuwa mkavu siku ya kumi na mbili. "Tulikuwa tunasubiri zamu yetu, Sain," akasema Pandhi. "Umefunga wewe."

Mai Jannat aliletwa jioni hiyo hiyo, amekaa upande nyuma ya pikipiki ya mume wa Nazo, mama mnene mwenye magoti yaliyovimba na asiyependa kuamshwa kwa kazi aliyokwisha kuimaliza. Akaomba chai, sukari vijiko vitano. Akaigeuza mashine mikononi, akakinusa kitangi, akasonya.

"Mimi nimelitoa kwa mtu nikalitia kwenye maji," akasema. "Wewe ukaliwekea moto, ukalivuta hadi ndani. Hata mwendawazimu hafanyi hivyo."

Nihal akamuuliza linataka nini.

"Halitaki kitu, mwanangu. Halina pumzi yake lenyewe, linaishi kwa ya kuazima. Ukilala linamnyang'anya aliye karibu, linakupa wewe, na lenyewe linapata humo humo. Limechoka kama ulivyochoka wewe. Limepata pa kulala."

Dawa aliitaja bila mbwembwe. Maji ya kitangi na ya chungu yamwagwe kwenye maji yanayokwenda, naye atasoma. Kisha Nihal alale usingizi mmoja bila mashine. "Ukikoroma na kukabwa kama ilivyokuwa zamani, mshukuru Mungu, limeondoka. Ukilala kimya, hapo sina la kukuambia."

Miaka ishirini na sita Nihal hakuwahi kulifungua lango nje ya zamu. Wenye mashamba makubwa walimtumia mbuzi, samaki, wakamtumia hata vitisho, na hakufungua. Jioni ile alilizungusha gurudumu la lango mizunguko miwili, akaandika kitabuni jina lake na saa. Maji yakaja na povu, majani makavu na vyura wenye kushangaa. Mai Jannat akasoma, akatema pembeni, akasoma tena. Nihal akamwaga kitangi, kisha chungu. Maji yakachukua, yakapita chini ya daraja, hayakuonyesha lolote.

Mai Jannat aliagiza watu wote wahamie ng'ambo ya daraja hadi Nihal atakapokuwa amelala na kuamka. Wote walikwenda asubuhi iliyofuata isipokuwa Pandhi. Nihal alimsihi. Mzee akasema kwamba mtu huyu pumzi ikikatika hana wa kumwamsha, na mgeni wake hatakufa peke yake kwenye nyumba anayoilinda yeye. Akachukua kamba, akafunga ncha moja kwenye kidole gumba cha mguu wa Nihal, ncha ya pili akaishika, akakaa kizingitini. Wakiwa hivyo, wazee wawili wamefungwa kamba moja kama ndama na mamaye, Nihal akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu afike. Kisha akafumba macho, akaomba jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliomba: akorome.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limekwisha kuhamia ukuta wa pili. Mwili ulikuwa mwepesi. Koo halikuuma, kichwa hakikugonga, kifua kilikuwa kimejaa. Akatazama kamba. Ilikuwa imelegea sakafuni.

Pandhi alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, kilemba kimeanguka, kifua kikipanda kwa shida kama cha mtu aliyepandisha gunia la mchele ghorofani. Midomo yake ilikuwa na ile rangi ya bilinganya. Alipomwona Nihal ameamka alijaribu kutabasamu.

"Sijavuta kamba hata mara moja, Sain," akasema, akipumzika kila baada ya neno. "Hukukoroma. Umelala kama mtoto."

Nihal aliifungua kamba kidoleni. Akampa mzee maji, akamshika mgongo mpaka pumzi zake zikatulia na midomo ikarudi rangi yake, na wakati wote huo hakuweza kumtazama usoni. Alitaka kulia, na hata machozi yalimchosha.

Simu ikalia. Alikuwa Bakhtawar. Alisema binti yao Hurmat amekuja na mtoto mchanga, Mungu amlinde, ana nywele tele. Chumba cha wageni kina joto la tanuri, kwa hiyo ameamua wote walale chumba chao, kwenye feni, ametandika shuka mpya na mtoto atakuwa katikati. Akauliza kama kesho atafika kabla ya giza.

"Mashine inafanya kazi?" akauliza tena.

"Siihitaji tena."

"Alhamdulillahi. Unalala vizuri, basi."

"Nalala vizuri sana."

"Sasa njoo ulale kwako."

Alisikia kitoto kikikohoa upande wa pili wa simu, kikohozi kidogo cha kitu chenye pumzi changa kabisa, na Bakhtawar akikibembeleza. Akamwambia kazi bado, Mama Hurmat, lango limeharibika, wasimsubiri. Alipokata simu alimuuliza Pandhi kama huko chini, mfereji unakoishia kwenye uwanda wa chumvi, kuna nyumba yoyote isiyokaa mtu.