Sikio la Saba

Sikio la saba lilianza kugonga saa tatu asubuhi, ilhali waya wake ulikatwa tangu Machi.

Nthatisi aliutazama mstari wa sikio hilo kwenye skrini, chai yake imepoa. Kazi yake katika mgodi huu wa dhahabu, karibu na Welkom, ni kusikiliza mwamba. Masikio ishirini ya chuma yaliyopachikwa chini huleta mitetemo kwenye kadi ndani ya kompyuta moja kuukuu. Mwamba ukitaka kukatika, king'ora kinalia, watu wanapanda. Hii ilikuwa siku ya kumi na moja bila mapumziko, na amechoka hata kukasirika hawezi.

Ko, ko, ko, kwenye spika. Kimya. Ko, ko, ko.

Chumba kikaanza kunuka baruti na jasho. Kibodi ikafa mkononi mwake.

Kosa lilikuwa lake. Programu ya kunasa mitetemo aliipa mwenyewe cheo cha juu kabisa, tisini na tisa, isisukumwe na yeyote, wala hakuiachia hata kibodi yake nafasi juu yake. Siku zote ilikuwa na adabu: ikishanasa inalala, wengine wanapata zamu. Sasa sikio la saba lilimimina mitetemo bila kukoma, hata katika kile kimya, programu hailali, na ile ya king'ora, yenye cheo cha chini, ilikuwa kwenye foleni ikingoja zamu isiyokuja, huku chini, kilomita tatu, wakichimba watu kumi na wanne, mmoja wao Tshokolo, mdogo wake wa tumbo moja.

Akampigia mkuu wa zamu.

"Ntate Kgosana, mashine haisikii. Wapandishe watu."

"Tena? Wiki jana uliwapandisha bure, ausi, dada yangu. Izime, uiwashe."

"Kuwaka ni nusu saa, ntate!"

"Basi fanya haraka." Akakata.

Mlangoni alisimama Mme Disebo, mama mfagiaji, fagio mkononi. Mumewe, Moeketsi, alifukiwa kwenye handaki la sikio lile mwezi wa Machi. Kampuni ililiziba kwa saruji kabla familia haijashuka na tawi la mkunazi kuiita roho yake na kuirudisha nyumbani.

"Ndivyo alivyokuwa akibisha mlango akirudi kutoka kazini," alinong'ona. "Mara tatu, halafu ananyamaza."

Akakaa mbele ya skrini, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Baba Puleng, hatukuja kukuchukua, walitufungia. Na mimi nimechoka. Lakini kuna watoto wa watu huko. Wapishe kwanza. Zamu yako nitakudaia."

Kugonga kukakoma. King'ora kikalia papo hapo.

Watu walipanda wote, handaki walimokuwa wakichimba likaporomoka nyuma yao. Tshokolo alitoka wa mwisho, vumbi hadi kwenye kope, na Nthatisi akalia mbele za watu bila kujali.

Jioni Mme Disebo aliomba handaki la mumewe lifunguliwe kwa siku moja tu.

"Mme, pale pamezibwa," alisema Kgosana. "Mgodi hauongozwi na wafu. Kesho kazi kama kawaida."

Alfajiri Nthatisi alikuwa ameshavipanga upya vyeo, kibodi juu ya wote. Sikio la saba lilikuwa kimya. Yale kumi na tisa mengine yote yaligonga, ko, ko, ko, kwa pamoja. Safari hii angeweza kuiua programu kwa kidole kimoja, na asingeulizwa na mtu.

Akainua simu, akawapigia walinzi wa mlango wa shimo, ambako Tshokolo na wenzake walikuwa wamejipanga.

"Leo hashuki mtu," alisema, "mpaka Mme Disebo atangulie na tawi lake la mkunazi."