Kijiko cha Mafuta ya Mbarika

Mvua ilikuwa imeloanisha shamba lote la mahindi. Lavinia Pruitt alikuwa jikoni, anakoroga uji. Mumewe, Asa, alikuwa anavaa buti zake aende kuvuna. Pale mezani kiti kimoja kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Willard, mtoto wao wa kiume, aliyekufa kwa maumivu ya tumbo kabla ya msimu wa kupanda. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kukiondoa.

Binti yao, Cora, akaingia amejikunja.

"Mama, tumbo linaniuma."

"Umekula nini wewe? Matufaha mabichi tena?"

"Sijala kitu. Jana lilikuwa linauma hapa kitovuni. Sasa limehamia huku." Akagusa chini, upande wa kulia. Kisha akakimbilia ndoo, akatapika.

Lavinia akanyoosha mkono rafuni, akashika chupa ya mafuta ya mbarika. Huko Iowa, Marekani, enzi hizo hapakuwa na nyumba isiyo na chupa hiyo. Mtoto akikohoa, kijiko. Akinuna, kijiko. Tumbo likiuma, vijiko viwili, na ole wake atakayetema! Bibi alimpa mama, mama akampa mtoto, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

"Haya, fungua kinywa."

"Lavinia! Weka chini hiyo chupa!"

Alikuwa Bi Tabitha Odell, mjane wa shamba la pili, amesimama mlangoni na kikapu alichokuja kukirudisha. Watu walikuwa hawamtembelei. Mumewe, Enoch, alifia mikononi mwa Daktari Brandt, mpasuaji wa mjini. Na baada ya kifo, Bi Tabitha alimruhusu daktari aipasue maiti aangalie ndani. Tangu siku hiyo, kanisani alikaa benchi peke yake.

"Tumbo la mtoto limefunga tu, Bi Tabitha," alisema Lavinia. "Nataka aharishe, apate nafuu."

"Nani kakwambia limefunga? Cora, mwanangu, hebu kohoa."

Cora akakohoa, akapiga yowe. Bi Tabitha akamgusa paji la uso. Lilikuwa la moto.

"Maumivu yameanza kitovuni, yakashuka kulia. Anatapika. Ana homa. Akikohoa yanamchoma. Enoch wangu alianza hivi hivi. Mwiteni Brandt, sasa hivi."

Asa akasimama, buti moja mguuni. "Yule mchinjaji? Hakanyagi humu! Amejaza makaburi, na bado anatafuta watu wa kukata. Nawe ndiye wa kutushauri? Wewe uliyeacha mumeo apasuliwe kama nguruwe?"

Yalikuwa maneno mabaya, na Asa alijua. Bi Tabitha akavuta kiti, si kile cha Willard, akakaa.

"Ndiyo, niliacha. Nilitaka kujua kilichomuua. Daktari akanionyesha. Tumboni mna kiutumbo kidogo, chembamba kama mnyoo. Kinaitwa kidole tumbo. Kikiziba kinavimba, kinajaa usaha. Cha Enoch kilikuwa kimepasuka kabla daktari hajafika, kwa sababu nilimnywesha mafuta hayo hayo. Mafuta yanayasukuma matumbo, na kilichovimba kikisukumwa kinapasuka. Usaha unamwagika tumbo zima. Basi, hapo hakuna tena cha kufanya."

"Hata hivyo, watu wake wanakufa," alisema Asa, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Wanakufa wanaomwita wakishaanza kukata roho! Daktari alilia jikoni kwangu, Asa, mtu mzima na mvi zake. Akasema, 'Wananiita nije kuzika tu.' Mgonjwa apasuliwe mapema kiasi gani, alijifunza kwa hao waliokufa, na Enoch ni mmoja wao. Waliomwahi wanatembea. Nenda kamuulize mke wa fundi viatu."

Lavinia alikuwa bado ameshika chupa.

"Willard alitulia," alisema polepole. "Nilimbana pua, akameza. Usiku akasema, 'Mama, haliumi tena.' Tukapiga magoti tukashukuru. Asubuhi tumbo likawa gumu kama ubao." Akamtazama mjane. "Kutulia kule... ndiko kupasuka?"

Bi Tabitha akaitoa ile chupa mkononi mwake. "Ndiyo, mwanangu. Kikipasuka, maumivu hupungua kidogo."

"Asa, funga farasi garini, kamlete daktari."

"Lavinia, mke wangu..."

"Nimeshaua mmoja kwa mkono huu! Funga farasi!"

Asa akatoka mbio kwenye matope, mguu mmoja hauna buti.

Daktari Brandt alipofika hakupoteza muda kwa salamu. Alimpapasa Cora tumbo kidogo tu, kisha akaitazama chupa.

"Amekunywa?"

"Hajanywa, daktari. Wala hajala."

"Afadhali. Chemsheni maji. Sugueni meza hii kwa sabuni."

Ni juu ya meza hiyo hiyo Lavinia alikuwa amemwosha Willard kabla ya kumzika. Akaisugua huku machozi yanadondoka juu ya mbao. Daktari akachemsha visu vyake na nyuzi zake, akanawa mikono hadi viwikoni.

"Sitawadanganya," alisema. "Anaweza kufa hapa. Lakini nisipompasua, sioni atakavyopona."

Akamvutisha Cora dawa ya usingizi. Asa hakuweza kutazama. Lavinia alitazama, akimshika binti yake miguu, mpaka daktari alipoweka kitu kwenye sahani. Kilikuwa chekundu, kimevimba, hakijapasuka.

"Hiki kingesukumwa kidogo tu," alisema daktari, "ningekuwa nimekuja kuzika."

Lavinia akamuuliza, "Na Willard je? Ungemwahi, angepona?"

Daktari alikuwa anaosha mikono. "Labda, mama. Sijui. Hakuna aliyeniita."

Cora alishikwa na homa, akakonda, lakini theluji ilipoanguka alikuwa anatembea. Kiti cha Willard kilibaki pale pale. Chupa ya mafuta ilihamia zizini, na Asa akawa anayapaka kwenye mikanda ya ngozi ya kufungia farasi ili isikauke.

Siku moja ya baridi kali, Hattie, mama kijana wa ng'ambo ya kijito, akaja anahema.

"Mama Cora, niazime mafuta ya mbarika. Tumbo linamtesa mwanangu."

"Lilianzia wapi?"

"Kitovuni. Sasa limeshuka huku kulia."

Lavinia akavuta shali yake. "Usimpe dawa ya kuharisha. Usimpe chakula. Usimkande tumbo."

"Lakini mama mkwe amesema kijiko kimoja tu!"

"Hattie, nisikilize." Zaidi ya Bi Tabitha, Lavinia alikuwa hajamwambia mtu wa nje maneno haya. "Kijiko hicho nilimpa Willard wangu. Ndicho kilichomuua."

Hattie akajiziba mdomo.

"Twende kwako. Bi Tabitha tutampitia njiani. Asa anamfuata daktari."

Nje, Asa alikuwa amesikia yote, anamfunga farasi garini. Mikanda ilikuwa laini kwa mafuta, na haikumchukua muda.