Kila Asubuhi, Moja

Kila siku kabla sijavaa sweta ya shule, simu ya shosho ililia ting! juu ya meza. Shosho Ngina ana kisukari, na kliniki yake hapa Thika iliwaandikisha wagonjwa wazee wapate ujumbe wa simu, ili wasipange foleni kila wiki. Macho yake hayaoni herufi ndogo, kwa hiyo msomaji nilikuwa mimi, Mumbi, mjukuu wake.

"Habari za asubuhi. Unaendeleaje leo?" nilisoma. "Bonyeza moja kama ni vizuri, mbili kama una shida."

"Moja," alisema shosho huku akikoroga uji.

"Na mguu, shosho?"

Viatu vya plastiki vilikuwa vimemchubua kidoleni alipokuwa akipalilia mboga. Kidonda alikifunga kwa kitambaa, nami nilikuwa nimeanza kusikia harufu.

"Haiya! Mtu akikusalimu asubuhi utamrushia kidonda usoni? Kwanza mwambie salama. Ya mguu nitamwambia tukikaa chini. Na mama yako usimsumbue, amechoka na kazi ya Ruiru."

Nikabonyeza moja. Nilijua ni uongo, nilijua kabisa, lakini nilikuwa nachelewa, na kubishana na shosho si mchezo. Kesho yake nikabonyeza moja tena, na siku iliyofuata, hadi zikatimia siku kumi na sita.

Jumamosi shosho hakuweza kuinuka. Mwili ulikuwa moto na alikuwa akimwita guka, mume wake aliyefariki kabla sijazaliwa. Mama alifungua kile kitambaa, akapiga kelele, "Ngai! Mama, mbona hukusema?" Mimi nilibaki mlangoni. Hata kumsogelea niliogopa.

Hospitalini walimkata vidole viwili. Daktari alisema tungechelewa siku mbili zaidi, ungekuwa mguu mzima, au tungempoteza.

Shosho aliporudi nyumbani, nesi wa kliniki, Sista Becky, alikuja kwetu Ngoingwa kumwona. Mama akamwekea chai.

"Kila siku niliona moja," Sista Becky alisema. "Nikasema huyu hana neno, nikawapigia wengine. Nani alikuwa anabonyeza?"

"Ni mimi, sista. Na nilijua ana kidonda."

"Usimgombeze mtoto," shosho alisema kutoka kitandani. "Mimi ndiye nilimwambia. Mlinisalimu, nami nikaitikia. Kwani nilikosa?"

Sista Becky aliweka kikombe chini. "Hapana, shosho. Tulikosa sisi. Lile swali tuliliandika ofisini bila kumuuliza mzee hata mmoja. Wewe ungetaka tukuulize vipi?"

"Msinisalimu. Niulizeni kama nimetazama miguu yangu. Na muulize kwa sauti, kwa Kikuyu, nisikie mwenyewe."

Sista aliandika yote. "Swali tutalirekodi hivyo. Wewe utalijaribu kwanza, na mahali litakukera, utaniambia." Kisha akanigeukia. Sauti yake haikuwa kali, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

"Mumbi, kumtii shosho ni vizuri. Lakini simu haina macho wala pua. Wewe unavyo. Ukiona mgonjwa anaficha ugonjwa, sema ukweli, kwa mama, kwa mwalimu, kwangu, hata kama mgonjwa mwenyewe atakukasirikia. Hasira yake itapoa. Vidole havitaota tena."

Nililia mbele yao wote. Shosho alinishika mkono, lakini hakuniambia ninyamaze.

Sista Becky alisimama, chai yake ikiwa nusu.

"Si umalize kwanza?" mama alimsihi.

"Siwezi, mama Mumbi. Nina wazee wengine thelathini na wanane wanaobonyeza moja kila asubuhi. Naenda kuwavua viatu, mmoja mmoja."