Hesabu ya Ishirini

Jua lilikuwa linazama na fundi picha ameshika kufuli mkononi, tayari kufunga studio, mjane alipobisha hodi. Mama wa watu alikuwa amekumbatia koti la kiume kama mtoto mchanga.

"Nimesikia kwako marehemu wanatokea pichani," alinong'ona. "Nimekuja na koti la mume wangu. Labda akiliona, atakuja."

Fundi alimkaribisha ndani. Marehemu wake wote walikuwa mtu mmoja, naye wakati huo alikuwa nyuma ya pazia anakunja shuka: mkewe, mwanamke wa masihara asiyeishiwa vituko. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Chumba kinatiwa giza, mteja anakaa akitazama kamera, marufuku kugeuka. Kamera inaachwa wazi kwa hesabu ya ishirini. Mke ananyata, peku, kajifunika shuka la kijivu, anasimama nyuma ya mteja. Ikifika kumi, anarudi alikotoka. Aliyekaa ishirini anatoka mzima pichani. Aliyesimama kumi anatoka mwepesi kama moshi, ukuta unaonekana katikati yake. Watu wanalia, wanashukuru, wanakwenda zao.

Walikuwa na sharti moja tu: nguo ya marehemu haivaliwi. Mke ndiye aliyeliweka, wala hakutaka mjadala.

"Alikuwa seremala," mjane alisema akilikabidhi koti. Lilinuka vanishi. "Hapiti mlangoni bila kuupitishia kidole gumba. Hata siku aliyokuja kujitambulisha kwetu, baba kanyoosha mkono, mwenzangu yuko na mlango."

Akacheka kidogo, kisha akafuta machozi.

Fundi alilitundika koti nyuma ya pazia, akabakiza taa moja hafifu.

"Usigeuke, mama. Moja... mbili... tatu..."

Pazia likacheza. Mke akatokea, na fundi nusura apoteze hesabu. Alikuwa amevaa lile koti, kola kaipandisha hadi masikioni. Fundi angesema nini mbele ya mteja? Akaendelea.

"...tisa... kumi."

Akasikia nyayo za mkewe zikirudi nyuma ya pazia. Taratibu. Lakini harufu ya vanishi haikurudi naye. Ilizidi.

"...kumi na tisa... ishirini."

Kwenye kioo cha kamera mjane alikuwa mzima, kama kawaida. Nyuma yake mtu wa koti alikuwa mzima vilevile. Vifungo vinne vinahesabika. Mabega mapana. Kidole gumba kinene kimelala juu ya ubao wa kiti.

Mtu huyo alikuwa amesimama hesabu zote ishirini.

Mjane aliipokea picha ikiwa bado na joto la mashine. Hakulia. "Ndiye," alisema. Akachukua koti lake, akaondoka.

"Kwa nini ulilivaa?" fundi alimuuliza mkewe.

"Nilimhurumia. Miaka yote kaishi na mtu, leo nimtokee na shuka?" Mke alikuwa anajisugua mikono. "Mbona baridi hivi?"

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Kiti kile huwa kinalia hata kikikaliwa na paka.

Hakikulia.

"Hebu simama ukutani nijaribu kamera," fundi alisema. Alitamani kamera ndiyo iwe mbovu. Akawasha taa zote, akapiga picha ya kawaida, ya kufumba na kufumbua. Akatazama.

Mkewe alikuwa mwepesi kama moshi. Msumari wa ukutani ulionekana katikati ya kifua chake.

Akapiga ya pili. Akapiga kwa simu.

Msumari. Msumari.

Mke akaitazama simu, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakuwa na la kutania. "Kumi zangu kazichukua," alinong'ona. "Usiniache hivi, mume wangu."

Fundi alihofia kumpoteza kuliko alivyowahi kuhofia kitu chochote. Kichwa kilimzunguka, kikarudi palepale kwenye hesabu. Aliyepungukiwa kumi, arudishiwe kumi.

"Simama pale uliposimama," alisema. "Umalizie."

Akazima taa, akafungua kamera, akaanzia pale mkewe alipoachia.

"Kumi na moja... kumi na mbili..."

Kwenye kumi na tano, harufu ya vanishi ikaingia. Koti lilikuwa limeshaondoka, mlango umefungwa. Fundi alitaka kukatiza, lakini akikatiza, mkewe angebaki nusu. Akafumba macho.

"...kumi na tisa... ishirini."

Pichani mkewe alikuwa mzima. Hakuna msumari. Fundi akamkumbatia, akaukuta mwili una joto, akalia bila kuona haya. Mke alipoketi kuvaa viatu, kiti kililia kuliko siku zote, kama kimekaliwa na wawili.

"Twende nyumbani," alisema. Sauti ilikuwa yake ileile.

Akatangulia. Mlangoni akasimama, akanyanyua mkono, akapitisha kidole gumba kwenye ubao. Polepole... toka juu hadi chini.

"Huu mlango haukupigwa randa vizuri."

Mke wangu alikuwa nyuma ya pazia, fundi alijiambia. Alimsikia mjane akisimulia. Ni masihara yake tu.

Akasimama na kufuli mkononi, akisubiri mkewe acheke.